Askofu Aliyeliacha Jimbo Lake Mara Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Adalbert wa Prague

## Kisa kwa ufupi

Mwaka 982 kijana ambaye hajafikisha hata miaka 30 alichaguliwa kuwa askofu wa pili wa Prague, katika nchi ambayo leo ni Ucheki. Alikuwa msomi, mtoto wa ukoo mkubwa, na maisha yake yalikuwa safi. Miaka 15 baadaye alikuwa ameliacha jimbo lake mara mbili, ndugu zake wanne wameuawa, waumini wake wamemkataa waziwazi, na yeye mwenyewe amekufa kwa mikuki katika nchi ya Waprusi, kando ya Bahari ya Baltiki. Kabla miaka mitatu haijapita tangu kifo chake, Kanisa lilimtangaza mtakatifu.

Habari zake tumezipata hasa kwa watu waliompenda. Wasifu wa kwanza uliandikwa Roma muda mfupi baada ya kifo chake, na kwa kawaida hunasibishwa na mmonaki Johannes Canaparius. Wa pili uliandikwa na Bruno wa Querfurt, ambaye mwaka 1009 naye aliuawa akiwa katika umisionari, kwenye mipaka ya Waprusi haohao. Zaidi ya karne moja baadaye Cosmas, mkuu wa makanoni (mapadre wa kanisa kuu) wa Prague, aliandika historia ya Bohemia, nchi ambayo Prague ilikuwa mji wake mkuu, na kuongeza mengine. Wasifu hizo mbili zinamweleza kama mchungaji mwema aliyekabidhiwa kundi lenye shingo ngumu.

Mimi naona kwamba kwa swali la kwa nini alishindwa, jibu hilo halitoshi. Ukisoma matukio kwa mfuatano wake, linajitokeza jambo jingine: kila alipofika, watu walimwona kwanza yule aliyesimama nyuma yake. Kwao Prague alikuwa mtoto wa Slavník, mkuu wa ukoo mshindani, kabla ya kuwa askofu. Kwa Waprusi alikuwa mtu wa mtawala wa Polandi kabla ya kuwa mhubiri. Kisa hiki kinafaa kusomwa na yeyote anayepewa dhamana mahali ambapo jamaa zake nao wana maslahi.

Watawala, maaskofu na mapapa nimewataja kwa majina kwa kuwa wamo katika historia. Mwanamke aliye katikati ya kisa hajatajwa jina katika wasifu hizo, na hapa pia habari zake zitasimama bila jina.

## Nchi moja, koo mbili

Alizaliwa takriban mwaka 956 katika ngome ya Libice, mashariki ya Prague, akapewa jina la Kicheki, Vojtěch. Baba yake, Slavník, alitawala eneo pana la mashariki ya Bohemia. Prague na magharibi yake vilikuwa chini ya ukoo wa Přemysl, na mtawala wakati wa kisa hiki alikuwa Boleslav II. Kwa jina, Bohemia ilikuwa moja na mkuu wake alikuwa Boleslav. Kwa vitendo, kina Slavník walikuwa na ngome zao, askari wao, na urafiki wao wenyewe na watawala wa Ujerumani na Polandi. Baada ya Slavník kufariki mwaka 981, mwanawe Soběslav alifika hatua ya kupiga sarafu za fedha zenye jina lake. Kwa zama zile, kupiga sarafu ilikuwa njia ya kutangaza kwamba hapa kuna mtawala.

Alipokuwa mchanga Vojtěch aliugua sana. Wazazi wakamlaza juu ya altare ya Bikira Maria na kuweka nadhiri kwamba akipona atakuwa wa Mungu. Akapona. Alipokua alipelekwa Magdeburg, Ujerumani, akasoma kama miaka kumi chini ya Askofu Mkuu Adalbert, na katika Kipaimara akachukua jina la mlezi wake huyo. Ndiyo maana ulimwengu wa Kilatini unamjua kwa jina la Adalbert, huku Wacheki wakiendelea kumwita Vojtěch.

Jimbo la Prague lilikuwa changa mno. Lilianzishwa katika miaka ya 970 na kuwekwa chini ya Askofu Mkuu wa Mainz. Ukristo ulikuwa umeingia katika majumba ya watawala. Vijijini watu walikuwa wamebatizwa lakini ndoa, mazishi na sikukuu ziliendelea kwa desturi za mababu. Askofu wa kwanza, Dětmar, alikuwa Mjerumani aliyejua lugha ya watu, mtu mpole asiyependa ugomvi. Adalbert alikuwepo wakati Dětmar anakata roho mwanzoni mwa 982. Mzee yule alikufa kwa hofu kuu, akilia kwamba anapotea kwa sababu aliyaona maovu ya watu akayanyamazia. Usiku uleule kijana akavaa gunia, akazunguka makanisa akisali na kugawa sadaka.

Tukio hilo lina uzito mkubwa katika kisa hiki. Aliingia kazini na sura ya mtangulizi wake machoni: askofu anayeangamia kwa kufumbia macho. Tangu siku hiyo, kila alipotakiwa kuvumilia jambo kwa muda, aliisikia sauti ya Dětmar.

## Kuchaguliwa

Tarehe 19 Februari 982, huko Levý Hradec karibu na Prague, Boleslav na wakuu wa nchi walimchagua. Ilikuwa siasa nzuri. Ukoo wa Přemysl ulibaki na utawala, wa Slavník ukapata uaskofu, na kila upande ukawa na sababu ya kutovunja amani. Mwaka uliofuata Kaisari Otto II alimkabidhi fimbo ya kichungaji mjini Verona, Italia, tarehe 3 Juni, na tarehe 29 Juni Willigis, Askofu Mkuu wa Mainz, akamweka wakfu.

Aliingia Prague akitembea pekupeku. Mapato ya jimbo aliyagawa mafungu manne: la kwanza kwa mahitaji ya kanisa, la pili kwa makanoni, la tatu kwa maskini, na la nne kwa matumizi yake. Chumbani mwake kulikuwa na kitanda kilichotandikwa kwa heshima ya cheo, lakini usiku alilala hapo kipofu au mdogo wake Radim, na askofu akajinyoosha sakafuni. Radim alikuwa ndugu yake wa kwa baba. Baadaye alijulikana kwa jina la Gaudentius, na hakumwacha hadi mwisho.

## Mambo matatu yaliyomshinda

Canaparius anataja mambo matatu yaliyomvunja moyo: wanaume kuoa wake wengi, mapadre kuoa, na Wakristo waliotekwa kuuzwa utumwani.

La tatu linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo lililogusa mifuko ya wakubwa. Karibu mwaka 965, Ibrahim ibn Yaqub, msafiri kutoka Tortosa katika Andalusia ya Waislamu, aliandika kwa Kiarabu kwamba Prague ni mji uliojengwa kwa mawe na chokaa, na kwamba hakuna mji wa nchi zile unaoupita kwa biashara. Wafanyabiashara waliondoka hapo na watumwa, bati na ngozi za manyoya. Ushuru wa soko ulikwenda kwa mtawala, na mateka wa vita vyake walikuwa bidhaa. Adalbert alijaribu kuwakomboa watu kwa fedha zake, lakini fungu la maskini halikuweza kushindana na soko zima. Wasifu unasimulia kwamba aliota ndoto: Kristo alimtokea akamwambia kwamba anauzwa tena, na askofu amelala. Milango ya shaba ya Kanisa Kuu la Gniezno, Polandi, iliyotengenezwa karne ya 12 na kupambwa kwa picha 18 za maisha yake, inamwonyesha akiwatetea watumwa mbele ya mtawala.

Je, nani angemsaidia? Mapadre wake wengi walikuwa na wake na watoto, kwa hiyo hawakuwa na hamu ya kusimamia sheria ya useja. Wakuu waliishi kwa vita na mateka. Mtawala, ambaye peke yake angeweza kutoa amri, angekuwa anatekeleza matakwa ya mtoto wa mshindani wake. Askofu alikuwa na silaha mbili tu: mfano wa maisha yake na kutenga watu na Kanisa. Ya kwanza iliwavuta wachache. Ya pili haikuwa na meno pale ambapo hakuna aliye tayari kuisimamia.

## Kuondoka mara ya kwanza

Mwishoni mwa miaka ya 980 alikwenda Roma kumweleza Papa Yohane XV kwamba watu hawamsikii. Papa akamruhusu kuondoka. Nia yake ilikuwa kuhiji Yerusalemu, na Malkia Theophano, mjane wa Otto II, alimpa fedha nyingi za safari. Akazigawa zote kwa maskini.

Akiwa njiani alifika monasteri ya Monte Cassino, Italia, ambako abati, yaani mkuu wa monasteri, alimshauri atulie mahali pamoja kuliko kuhangaika barabarani. Alitulia, mpaka wamonaki walipoanza kumwambia kwamba kwa kuwa ni askofu atawafaa kuweka wakfu makanisa yao. Akafunga safari siku hizohizo. Alikuwa anakikimbia cheo, nacho kinamfuata hadi mlimani. Mzee Nilo, mmonaki Mgiriki aliyeheshimiwa sana kusini mwa Italia, hakuweza kumpokea kwa sababu makazi yake yalikuwa katika ardhi ya Monte Cassino. Akamwelekeza kwa Abati Leo katika monasteri ya Watakatifu Bonifasi na Aleksi, kwenye kilima cha Aventino, Roma. Huko mwaka 990 yeye na Radim waliweka nadhiri.

Wasifu unatuonyesha askofu huyu akiwa jikoni: anateka maji, anawanawisha ndugu mikono, anabeba vyombo vya udongo, vinamponyoka na kuvunjika, naye anakwenda kuomba msamaha kwa kila chombo. Mtoto wa Libice hakuwahi kubeba sahani maishani. Waandishi wanakubaliana kwamba ile ndiyo miaka aliyokuwa na furaha.

## Kurudi, na ahadi ya maandishi

Prague ilibaki bila mchungaji. Willigis, kama mkuu wa maaskofu wa eneo hilo, alimwandikia Papa akidai askofu arudishwe, na Boleslav akatuma ujumbe Roma. Aliwachagua wajumbe kwa akili: Radla, aliyekuwa mlezi wa Adalbert, na Strachkvas, mmonaki aliyekuwa ndugu wa Boleslav mwenyewe. Baada ya majadiliano Papa aliamua arudi, kwa sharti kwamba watu wasipobadilika ataruhusiwa kuondoka tena.

Mwaka 992 akarudi. Safari hii kulikuwa na hati: mtawala, mbele ya wakuu wake, alimpa askofu haki ya kutenganisha ndoa zilizofungwa kinyume cha sheria za Kanisa, kujenga makanisa mahali panapofaa na kukusanya zaka. Mwanzoni mwa 993 Adalbert na Boleslav walianzisha pamoja monasteri ya Břevnov, ya kwanza ya wanaume katika Bohemia, kwa kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ileile ambayo wasomaji wa Tanzania wanaijua kupitia Peramiho na Ndanda.

Bruno anasimulia kwamba msafara ulipokuwa unaingia nchini ulifika mji mmoja siku ya Dominika, ukakuta soko limejaa watu wanauza na kununua. Adalbert aliwageukia waliomleta akawauliza kama hiyo ndiyo ahadi yao. Wino wa kiapo ulikuwa bado mbichi.

## Mwanamke aliyekimbilia kanisani

Kisha likaja jambo lililomaliza kila kitu. Mwanamke wa ukoo mkubwa alituhumiwa kuzini na kasisi. Kwa desturi ya nchi, jamaa za mume walikuwa na haki ya kumkata kichwa. Akakimbilia kwa askofu.

Adalbert alimpeleka kwenye kanisa la masista wa Mtakatifu George, ndani ya ngome ya Prague, akafungiwa humo karibu na altare, ufunguo akapewa mtunza kanisa. Kundi la watu wenye silaha lilivamia nyumba ya askofu. Akatoka akawaambia kwamba ikiwa kuna wa kuadhibiwa, basi ni yeye. Washauri wake walijaribu kumzuia. Alikuwa tayari kufa pale. Wavamizi walimjibu kwamba hawatampa ushahidi wa damu anaoutafuta, na kwamba asipomtoa mwanamke watalipiza kwa wake na watoto wa jamaa zake. Jibu hilo si la watu waliopandwa na hasira tu. Walijua wapi pa kumshika.

Hawakuhitaji hata kumlazimisha. Mtu mmoja alifichua alipo mwanamke, mtunza ufunguo akatishwa, na mwanamke akakokotwa kutoka altareni. Mumewe alipoambiwa amkate kichwa alikataa. Kazi hiyo ikafanywa na mtumishi.

Askofu aliwatenga wahusika na Kanisa, kisha akaondoka tena kwenda Roma.

## Libice, Septemba 995

Soběslav, mkuu wa ukoo, alikuwa ameondoka na askari kumsaidia Mfalme Otto III wa Ujerumani katika vita vya kaskazini. Siku ya sikukuu ya Mtakatifu Wenceslaus, tarehe 28 Septemba 995, majeshi ya upande wa Boleslav yaliizunguka Libice. Ndugu waliomo ndani waliomba vita visimame kwa heshima ya sikukuu. Cosmas anaandika jibu walilopewa: ikiwa Wenceslaus ni mtakatifu wenu, wetu ni Boleslav. Ngome ikaanguka. Spytimír, Pobraslav, Pořej na Čáslav waliuawa na ukoo ukafutwa katika siku moja. Soběslav alinusurika kwa kuwa hakuwepo, akakimbilia Polandi. Adalbert alinusurika kwa kuwa alikuwa Roma.

Nchi ikawa chini ya ukoo mmoja. Makubaliano yaliyomfanya Adalbert kuwa askofu hayakuwa na maana tena.

## Kukataliwa, na safari ya mwisho

Mwaka 996 Willigis alikuja Roma kwa ajili ya kutawazwa Otto III na kupaza tena dai lake: askofu ana jimbo, na jimbo haliachwi. Papa mpya, Gregori V, alimwamuru Adalbert arudi, lakini kwa makubaliano kwamba watu wa Prague wakimkataa awe huru kwenda kuhubiri kwa wasiobatizwa. Baada ya kupita Mainz na kuzuru makaburi ya watakatifu huko Ufaransa, alikwenda Polandi kwa Bolesław, aliyeitwa Shujaa, ambaye tayari alimhifadhi Soběslav. Kutoka huko wajumbe walitumwa Prague kuuliza: mnamtaka au hamumtaki?

Wakajibu kwamba wao ni wakosefu, yeye ni mtakatifu, hawafai kukaa pamoja. Kisha wakasema lililokuwa moyoni: anarudi kulipiza kisasi cha ndugu zake.

Sasa alikuwa huru. Bolesław alimpa chombo na askari 30, wakateremka mto Vistula hadi Gdańsk, ambako alibatiza watu wengi. Askari wakamsindikiza hadi nchi ya Waprusi, wakamwacha na Radim na padre mmoja aitwaye Benedikto. Katika kisiwa walichofikia kwanza, mtu mmoja alimpiga kwa kasia mgongoni akiwa anasali zaburi. Kitabu kikaruka, naye akaanguka kifudifudi. Kwenye mji wa soko watu waliwazunguka wakawaambia waondoke haraka, kwani wageni wa namna yao ndio wanaosababisha ardhi isizae na miti isitoe matunda.

Hapo, kwa maelezo ya Bruno, Adalbert alitambua jambo. Akawaambia wenzake kwamba mavazi yao na nywele zao zilizonyolewa vinawatisha watu. Afadhali wafuge nywele na ndevu, wavae kama wenyeji, wafanye kazi kwa mikono yao na kuishi kati ya watu, ndipo wahubiri. Hakupata muda. Tarehe 23 Aprili 997, baada ya misa ya asubuhi, walilala kupumzika na wakaamshwa wakiwa wamezungukwa. Aliyemchoma mkuki wa kwanza alikuwa na ndugu aliyeuawa na Wapolandi. Adalbert alipigwa mikuki saba, kichwa chake kikatundikwa kwenye mti. Radim na Benedikto waliachwa hai.

## Matokeo

Bolesław aliukomboa mwili na kuuzika Gniezno. Adalbert alitangazwa mtakatifu mwaka 999. Machi 1000 Otto III alifika kaburini pekupeku, na katika mkutano huo ukatangazwa uaskofu mkuu wa Gniezno, wenye majimbo ya Kraków, Wrocław na Kołobrzeg chini yake. Radim akawa askofu mkuu wa kwanza. Kanisa la Polandi likapata uongozi wake lenyewe, jambo ambalo Prague ingelisubiri hadi 1344.

Huko Prague kiti kilijazwa mwaka 998 na Thiddag, mmonaki kutoka Corvey, Saxony. Waprusi hawakubadilika, na zaidi ya miaka mia mbili ilipita kabla ya nchi yao kutiwa chini ya Ukristo, kwa upanga.

## Uchambuzi

Nianze na kilichofaa, kwa sababu husahaulika. Mgawo wa mafungu manne ulimwondolea kila mtu nafasi ya kusema kwamba askofu anakula sadaka. Hata wale waliomkataa mwaka 996 walimkiri kuwa mtakatifu. Břevnov pia ilifaa: haikutegemea uwepo wake. Alipoondoka ilibaki, na ipo hadi leo. Na kumlea Radim lilikuwa, kwa maoni yangu, jambo lake kubwa kuliko yote aliyoyatenda akiwa hai. Alimchukua mdogo wake kwenye chumba chake, kwenye monasteri, kwenye hatari, na matunda yakawa askofu mkuu aliyelijenga Kanisa la taifa zima.

Kuhusu kuondoka mara ya kwanza, wengi humsifu kwa unyenyekevu. Mimi naona Willigis alikuwa na haki. Miaka sita ni michache mno kwa jimbo ambalo lilikuwa na umri wa miaka kumi tu alipolipokea. Aliyataka mambo matatu makubwa kwa mkupuo, akiwa hana mapadre wa kumuunga mkono, wala hakuanza kwa kuwaandaa. Laiti angeanzisha Břevnov mwaka 984, akakaa nao wamonaki wale miaka minane ileile aliyoipoteza kati ya kukata tamaa na Roma, angekuwa na makasisi kadhaa wanaoishi anachohubiri. Kilichomzuia ni hofu ya Dětmar. Aliona njia mbili tu, kunyamaza au kuondoka, na akamwogopa yule mzee aliyenyamaza kiasi cha kutoiona njia ya tatu, ya kubaki akijenga polepole huku akisema ukweli.

Hati ya 992 ilikuwa na kasoro ya msingi. Ilimpa askofu haki bila kusema nani ataadhibu anayezivunja. Mtawala aliruhusu, wakuu wakashuhudia, basi. Kesi ya kwanza nzito ilipotokea, hapakuwa na askari hata mmoja wa Boleslav mlangoni pa Mtakatifu George, ingawa kanisa hilo lilikuwa ndani ya ngome yake.

Kuhusu mwanamke, sioni kosa katika uamuzi wa kumpokea. Aliyemlaumu Adalbert kwa kuhatarisha uaskofu wake kwa ajili ya mtuhumiwa mmoja hajaelewa uaskofu ni nini. Kosa lilikuwa katika utekelezaji. Alimficha hatua chache kutoka kwa waliomtafuta, katika jengo ambalo kila mtu alilijua, kwa ufunguo wa mtu mmoja asiye na ulinzi. Nguvu zake zote alizitumia kujitolea kufa, wakati mwanamke alihitaji kusafirishwa usiku. Libice ilikuwa umbali wa siku mbili hivi. Lakini tazama mtego ulivyokaa: kumpeleka Libice kungekuwa kuitumia ngome ya kina Slavník dhidi ya haki ya wakuu wa Prague, yaani tangazo la vita. Ukoo uliompa kiti uliifunga njia pekee ya kumwokoa mtu aliyemkimbilia. Kwa hili namwonea huruma kuliko ninavyomlaumu.

Kuondoka mara ya pili ni habari nyingine. Baada ya vitisho dhidi ya jamaa zake, kubaki kungewaweka rehani. Wala hakuondoka kwa furaha ya 989. Aliondoka akiwa ameshindwa hadharani.

Kosa la mwisho halisemwi sana. Mtu ambaye uaskofu wake ulikwamishwa na ukoo aliomba kukubaliwa tena Prague kupitia wajumbe waliotoka kwa Bolesław, mlinzi wa Soběslav. Waliposema anakuja kulipiza kisasi, hawakuwa wanatafuta kisingizio; walisoma muhuri. Kisha akaingia kwa Waprusi akishuka kwenye chombo cha Bolesław huyohuyo, na askari wakionekana. Mkuki wa kwanza ulirushwa na mtu mwenye ndugu aliyeuawa na Wapolandi. Alipofikia wazo la kufuga ndevu na kulima kati ya watu, alikuwa amegundua ugonjwa ambao umemtesa maisha yake yote na dawa yake: kuja bila mtu nyuma yako. Alibakiwa na siku chache tu.

Linganisha na yaliyotokea mwaka 1039. Břetislav I wa Bohemia, mjukuu wa Boleslav II, aliivamia Polandi akafika Gniezno kuchukua masalia ya Adalbert. Kabla ya kulifungua kaburi, yeye na Askofu Severus waliwaapisha askari wao mbele yake: ndoa ya mke mmoja isiyovunjwa, marufuku ya masoko na kazi siku ya Dominika, wafu wazikwe makaburini na si porini. Kila kifungu kilikuwa na adhabu yake. Wavunja ndoa wangefukuzwa kwenda Hungaria, na wengine wangelipa sarafu 300. Ni ajenda yake karibu yote, ikisemwa na mtawala na askofu kwa sauti moja, na haikuwa tena hoja ya kina Slavník, kwani hapakuwa na kina Slavník wa kunufaika nayo. Lakini katika orodha ile ya Gniezno, kama Cosmas alivyoihifadhi, hakuna neno lolote kuhusu biashara ya watumwa ya Prague.